MALUNGU YA UFIPA NA DAFTARI LA KEMIA

Mhariri wa jarida letu aliniandikia akinitaka nitoe makala ya historia itakayowafaa wanafunzi wa zamani na vijana walio madarasani hivi sasa. Nilifikiri kwanza kuandika juu ya timu yetu ya mpira, lakini wapo wenzangu watakaolifanya hilo kwa ufundi kuniliko, maana wao walicheza na mimi nilibeba maji. Nimeona heri niandike juu ya mambo mawili niyajuayo: somo la kemia la mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu, na malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo wazee wetu wa Ufipa waliyatumia kuyeyushia chuma.

Msomaji ataniuliza mambo hayo mawili yanakutania wapi. Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe mwaka 2001, na jibu lake ndilo makala haya.

Safari ya Mlimani

Nilimaliza Kidato cha Sita mwaka huo wa 2001, nikachaguliwa kuingia Kitivo cha Sayansi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Barabara ya kutoka Sumbawanga hadi Tunduma, kilomita zipatazo 220, ilikuwa bado haijatiwa lami. Tuliondoka alfajiri katika basi lililojaa watu, magunia ya maharage na kuku, na tulipofika Tunduma usiku abiria wote tulikuwa wa rangi moja, wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Kutoka hapo nilipanda treni ya TAZARA. Nilikuwa na sanduku la bati, godoro jembamba, na barua ya Chuo niliyoifunga katika kitambaa kama hirizi.

Vijana wa leo wanaona Chuo Kikuu kama jambo la kawaida, kwa hiyo si vibaya kuwakumbusha kwamba Kitivo hicho cha Sayansi kilifunguliwa mwaka 1965 tu. Kabla ya hapo Mtanganyika aliyetaka kusomea kemia kwa kiwango cha chuo kikuu bila ya kutoka Afrika ya Mashariki alikwenda Makerere au Nairobi. Waliofika huko kutoka mkoa wetu walikuwa wa kuhesabika. Rukwa yenyewe haikuwa mkoa mpaka mwaka 1974.

Basi nilifika Mlimani nikiwa na fahari kubwa, na fahari hiyo ilidumu majuma sita. Katika juma la saba tulifanya jaribio la kwanza la kemia ya utangulizi. Nilipata alama 29 katika 100.

Nataka vijana wasome namba hiyo vizuri, kwa sababu wanafunzi wa zamani tunaporudi shuleni tukiwa tumevaa tai hatuna desturi ya kuwatajia namba za namna hiyo. Sababu ya kushindwa kwangu haikuwa uvivu. Nilikesha. Kosa langu ni kwamba niliisoma kemia kama katekisimu: swali na jibu, swali na jibu, nikikariri maneno ya Kiingereza ambayo sikuwa na picha yake kichwani. Nilijua kutamka kwamba moli moja ya kitu chochote ina chembe 6.022 × 10²³, lakini kama mtu angeniuliza moli hiyo ina faida gani kwa mama yangu aliyekuwa akilima matuta Ufipa, ningekaa kimya. Nilijua kusawazisha mlinganyo wa kemia kwa kubahatisha namba mpaka pande mbili zilingane, bila ya kujua kwa nini lazima zilingane.

Mwalimu mmoja kijana aliyetusimamia katika semina aliita kila mmoja aliyeanguka. Ilipofika zamu yangu aliniuliza:

"Ndugu, kwenu wapi?"

"Sumbawanga," nikajibu.

Wenzangu wakacheka. Mnajua wenyewe jinsi watu wa mikoa mingine wanavyolipokea jina la mji wetu. Wao husikia radi za kiangazi na ungo wa usiku, ingawa wazee wetu hulieleza jina lenyewe kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Yule mwalimu hakucheka.

"Sumbawanga ni Ufipa," alisema. "Kwenu ndiko walikoyeyusha chuma katika matanuri marefu kuliko mtu. Nenda maktaba, sehemu ya East Africana, utafute makala ya Greig ya mwaka 1937 katika Tanganyika Notes and Records. Kisha rudi unieleze tanuri lile kwa moli."

Nilitoka pale nimeona haya mara mbili: kwanza kwa alama 29, na pili kwa kuambiwa habari za kwetu na mtu wa Pwani.

Tanuri katika shamba la babu

Ukweli ni kwamba sikuhitaji kwenda maktaba ili nijue ilungu ni nini. Katika shamba la babu yangu, kando ya kichuguu kikubwa, palikuwa na kisiki cha ilungu kilichobomoka upande mmoja. Tulipokuwa watoto tulijificha ndani yake wakati wa mvua. Mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito yenye matundu, yalitapakaa pale, nasi tuliyarusha kuwafukuza ndege katika ulezi. Babu alituambia mara moja tu, bila ya kuinua macho kutoka katika kazi yake, "Hilo lilikuwa likizaa majembe." Yeye mwenyewe, alipokuwa mtoto katika miaka ya 1930, aliwabebea makaa watu wa kazi hiyo. Mimi sikuuliza zaidi. Nilichouliza, nakumbuka kwa aibu, ni kwa nini asilivunje tukapata udongo wa matofali.

Sasa nilikaa maktaba Dar es Salaam nikisoma habari za shamba la babu katika karatasi iliyopigwa chapa na serikali iliyokwisha ondoka. Niliyoyapata humo, pamoja na niliyoyasoma miaka ya baadaye kwa watafiti wengine, nitayaeleza kwa ufupi.

Uwanda wa Ufipa uko juu, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga una mwinuko unaokaribia mita 1,800 toka usawa wa bahari. Udongo wake mwekundu, na mawe yake mahali pengi, yana chuma. Wazee walijenga ilungu kwa udongo wa kichuguu, aghalabu karibu na kichuguu chenyewe, kwa sababu udongo huo umekwisha kandwa na mchwa na hustahimili moto. Ilungu lilikuwa na umbo la pia iliyokatwa kichwa, pana chini na jembamba juu, urefu wake ukifika mita tatu na pengine kupita. Chini kulizungushwa matundu kadhaa, na katika matundu hayo iliingizwa mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Ndani walipanga makaa na mtapo, yaani mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka, wakatia moto.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Tanuri hili kubwa halikuvukutwa. Hapakuwa na mtu wa kukaa na mivukuto siku kucha. Urefu wa tanuri ndio uliofanya kazi: hewa ya moto hupanda, na inapopanda huvuta hewa nyingine kuingia chini kupitia mirijani. Ndiyo kanuni ya bomba la moshi. Moto uliachwa ule polepole siku kadhaa.

Kilichotoka katika ilungu hakikuwa bado chuma cha kufulia. Kilikuwa mchanganyiko wa chuma, mavi ya chuma na mtapo ulioiva nusu. Walivunjavunja, wakachagua vipande vizuri, wakavipeleka katika tanuri la pili, dogo lisilofika kiunoni, liitwalo kintengwe. Hili ndilo lililovukutwa kwa mivukuto. Baada ya hapo mhunzi alipata chuma chake, akafua jembe, shoka, mkuki.

Kazi hii ilikuwa na mwiko wake. Ilungu lilihesabiwa kama mwanamke, bibi harusi mwenye kuchukua mimba na kuzaa chuma, na kwa hiyo waliolihudumia walikaa mbali na wake zao mpaka kazi imekwisha. Dawa zilizikwa chini ya sakafu ya tanuri, na bwana mkubwa wa kazi hiyo ndiye aliyezijua. Chuma kilikuwa pia na uhusiano na utawala. Mtafiti Mwingereza Roy Willis, aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1981 kitabu juu ya dola ya Wafipa, ameeleza jinsi ukoo wa wenye Milansi, wakongwe kuliko watawala wa Nkansi na Lyangalile, ulivyohusishwa na wahunzi. Naye Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania, amechimba na kupima mabaki ya matanuri huko Nkansi, akaonyesha kwamba malungu hayakuwa ufundi pekee: palikuwa na namna nyingine ya matanuri madogo aliyoyaita katukutu. Kitabu chake juu ya uhunzi wa Wafipa kilitoka mwaka 2010. Kila mwanafunzi wa shule yetu anayejiona Mfipa, na kila mgeni aliyesoma kwetu, ingempasa akishike mkononi angalau mara moja.

Ilungu kwa moli

Niliporudi kwa yule mwalimu na maelezo hayo, aliniambia, "Hiyo ni historia. Sasa leta kemia." Tukakaa na kalamu.

Mtapo ulio safi kabisa wa aina ya hematiti ni muungano wa chuma na oksijeni, atomi 2 za chuma kwa 3 za oksijeni. Uzito wa moli moja ni gramu 160 hivi. Katika gramu hizo, 112 ni chuma na 48 ni oksijeni. Kazi yote ya ilungu, ukiiondolea moshi na nyimbo, ni hii moja: kuziondoa zile gramu 48.

Nani anaziondoa? Nilidhani ni moto. Mwalimu akakataa. Moto peke yake hauwezi. Jiwe lile unaweza kulichoma mwaka mzima likabaki jiwe jekundu. Aziondoaye ni kaboni ya makaa, na kwa kweli ni gesi yake. Makaa yanapoungua penye hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni yenye oksijeni mbili. Gesi hiyo ikipanda na kupita katika makaa mengine yenye moto mkali, hugawana nayo ile oksijeni, na hapo hupatikana gesi ya kaboni yenye oksijeni moja tu, ile iuayo watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hii ina njaa ya oksijeni. Ikikutana na mtapo huunyang'anya oksijeni yake, nayo hurudi kuwa ya oksijeni mbili. Moli 1 ya hematiti na moli 3 za gesi hiyo hutoa moli 2 za chuma.

Lakini mnyang'anyi akishiba huacha kunyang'anya. Gesi ya oksijeni mbili ikizidi ndani ya tanuri, mwendo husimama, na ikizidi sana hurudi nyuma, chuma kikawa tena mtapo. Somo hili Chuoni huitwa mizania ya kemikali, na lilikuwa limenishinda kabisa katika jaribio. Katika hatua ya mwisho, tanuri likiwa na joto la kama nyuzi 1,000, panahitajika zaidi ya sehemu mbili za gesi yenye njaa kwa kila sehemu moja ya gesi iliyoshiba. Ndiyo sababu makaa hayana budi kuwa mengi kuliko yale yanayotosha kuleta joto, na ndiyo sababu hewa isiachwe kuingia ovyo. Nilipolitazama hivyo nilielewa kwamba wazee waliopanga matundu yale na tabaka zile walikuwa wakiitawala mizania ambayo mimi niliishindwa kwa karatasi.

Jambo la tatu lilinishangaza zaidi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Matanuri ya namna hii kwa kawaida yalikuwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,300. Maana yake chuma hakikuyeyuka hata kidogo, ingawa sote tunasema "kuyeyusha chuma". Kilichoyeyuka ni uchafu. Mchanga uliomo katika mtapo uliungana na sehemu ya oksaidi ya chuma, ukawa kitu kinachoyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,200, ukatiririka na kukiacha chuma kikiwa bonge la matundumatundu kama sifongo. Uchafu huo ukipoa ndio mavi ya chuma tuliyowarushia ndege. Na kwa kuwa mchanga haukubali kuondoka mikono mitupu, ilibidi upewe chuma kidogo kama nauli. Hivyo hakuna fundi aliyepata zile gramu 112 zote. Ukiokota leo mavi ya chuma shambani ukastaajabia uzito wake, jua kwamba umeshika ile nauli.

Katika jaribio la pili nilipata 61. Siyo alama ya kutangazia, lakini tangu siku ile sikukariri tena.

Mtoza kodi wa Paris

Kemia ya utangulizi kama inavyofundishwa dunia nzima humtaja Mfaransa mmoja, Antoine Lavoisier, ambaye kitabu chake cha msingi kilitoka mwaka 1789. Kabla yake wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba kitu kinapoungua hutokwa na kitu fulani kilichojificha ndani yake, na kwamba mtapo huwa chuma kwa kukipokea kitu hicho kutoka katika makaa. Lavoisier alipima kwa mizani kabla na baada, akaonyesha kwamba kinachoungua huchukua kitu kutoka hewani, akakiita oksijeni. Uzito wa vyote vilivyoingia ni sawa na uzito wa vyote vilivyotoka.

Mimi nikiwa mtumishi wa Serikali napenda kukumbuka kwamba bwana huyu riziki yake aliipata katika shirika la kukusanya kodi, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya akatwe kichwa katika mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1794. Mtu wa kodi anajua daftari. Alichokifanya ni kuichukua kanuni ya daftari, kwamba kila kilichoingia lazima kionekane kilikokwenda, na kuipeleka maabara. Kusawazisha mlinganyo wa kemia si mchezo wa namba. Ni kufunga hesabu.

Nasema haya kwa sababu wapo wenzetu ambao, wakishasikia habari za malungu, huruka na kudai kwamba wazee wetu walikuwa na kemia yote na Wazungu waliiba. Mimi siendi huko. Wazee hawakuijua atomi, wala Lavoisier hakuijua kama tunavyoijua sisi. Wazee walikuwa na jambo jingine, nalo ni kubwa: mkono uliojua, jicho lililosoma rangi ya moto, na ujuzi wa mtapo upi unafaa. Ufundi wa namna hiyo ni mkongwe katika nchi yetu. Huko Buhaya umeonyeshwa kuwa na zaidi ya miaka 2,000, na mwaka 1978 Wamarekani wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliuandikia katika jarida la Science la kwao, wakisema ulikuwa wa hali ya juu. Wazee walichokosa ni daftari. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Jinsi malungu yalivyozimika

Upotevu huo haukuchukua muda mrefu. Majembe ya viwandani yaliingia kwa bei ambayo ilungu halikuweza kushindana nayo, maana jembe moja la Kifipa lilikula makaa mengi, siku nyingi na watu wengi. Kodi ya kikoloni iliwatoa vijana wakaenda kutafuta fedha, wengine dhahabu ya Lupa, wengine migodi ya Rhodesia ya Kaskazini. Wamisionari nao waliitazama kazi hii kwa wasiwasi kwa sababu ya dawa na miiko yake. Tayari mwaka 1914 padri mmoja wa White Fathers, Wyckaert, alichapisha maelezo akiwagawanya wahunzi wa upande wa Tanganyika kuwa wapagani na Wakristo. Kufika katikati ya karne iliyopita moto ulikuwa umezimika, isipokuwa pale wazee walipoombwa na watafiti waonyeshe namna ilivyokuwa.

Lakini nadhani sababu nyingine ilikuwa ndani yetu wenyewe. Elimu ya ilungu ilikuwa siri ya wachache. Siri hulinda heshima na bei, na kwa muda mrefu ilifanya kazi hiyo vizuri. Walipokufa wenye siri, ikafa.

Nami nilichangia katika kifo hicho. Baada ya kusoma yale ya maktaba nilinunua daftari la kurasa 48, nikaandika humo maswali kumi na mawili ya kumuuliza babu wakati wa likizo ndefu. Mtapo mlichukua wapi? Mliuchoma kwanza kabla ya kuutia tanurini? Makaa yalikuwa ya mti gani? Mlijuaje kwamba imetosha? Babu alifariki mwezi Machi mwaka 2002, na barua ya habari hiyo ilinifikia akiwa amekwisha zikwa siku kumi na moja. Niliporudi nyumbani mwezi Julai nilikaa juu ya kile kisiki cha ilungu na daftari langu. Bibi aliweza kunijibu swali moja tu, la chakula: kwamba wanawake walikipika na kukiacha mbali na moto, na hawakusogea. Yale kumi na moja mengine yako tupu mpaka leo.

Mwaka 1914 padri aliuliza. Mwaka 1937 bwana Greig aliuliza. Mimi niliyekuwa nikila ulezi katika sahani moja na mjuzi, niliuliza habari za matofali.

Maji mekundu

Leo nafanya kazi Serikalini, katika kupima ubora wa maji. Kazi yangu nyingi ni visima virefu. Mara kwa mara huja malalamiko kutoka kijijini: maji yakipampiwa ni meupe kabisa, lakini yakikaa katika ndoo hugeuka ya kahawia, hutia madoa kanga na kuharibu rangi ya ugali. Watu huuliza kama kisima kimerogwa.

Ni chuma. Chini ya ardhi pasipo hewa chuma huyeyuka ndani ya maji bila ya kuonekana. Kikikutana na oksijeni huichukua, kikawa kutu, kikatuama. Dawa yake ni rahisi: maji yamwagwe kwa kurushwarushwa yapate hewa, kisha yapitishwe katika mchanga. Mara nyingi, nikiwaeleza kina mama jambo hili kando ya kisima, naona kwamba naeleza kazi ya ilungu iliyogeuzwa nyuma mbele. Babu aliiondoa oksijeni ili apate chuma. Mimi naitia oksijeni ili niondoe chuma. Daftari ni lile lile, na ndilo lililo katika sura za mwanzo za kitabu cha kemia ambazo vijana wengi huzikimbia.

Kwa hiyo ninyi mlio Kidato cha Tatu na cha Nne, mnaosema kemia ni ngumu na ya kigeni, nawaambieni ngumu ni kweli. Ugeni siyo. Msikubali kuikariri kwa lugha msiyoielewa. Yaelezeeni kwanza mambo yake kwa Kiswahili, kwa mtu wa nyumbani, ndipo muyaandike kwa Kiingereza cha mtihani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, basi msiseme maneno hayapo. Na kumbukeni kwamba ardhi yetu haijamaliza habari zake. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwepo kwa gesi ya heliamu katika Bonde la Rukwa, gesi iliyozaliwa polepole ndani ya miamba mikongwe kutokana na urani na thoriamu. Wageni watakuja kupima. Ni vizuri akiwapo mtoto wa kwetu anayejua kusoma mizani.

Nina ombi moja kwa wanafunzi wa sasa na kwa chama chetu. Malungu yaliyobaki yanabomoka kila masika, na mengine yanavunjwa kwa ajili ya matofali, kama nilivyotaka mimi. Kila mwanafunzi anayetoka katika kijiji chenye ilungu, likizo hii achukue futi kamba, apime urefu wake na upana wa chini, ahesabu matundu, aandike mahali lilipo, na aokote kipande kimoja cha mavi ya chuma bila ya kuligusa tanuri lenyewe. Kama kuna mzee aliye hai ambaye baba yake alifanya kazi hiyo, amsalimu kwanza, akae, asikilize. Maswali yangu kumi na moja nimempa Katibu wa chama nakala zake ayabandike katika ubao wa matangazo.

Katika mkutano wetu ujao nitakuja na mizani ya ofisini, kwa ruhusa ya mkuu wangu wa kazi, tuvipime vipande hivyo katika maabara ya shule. Daftari la kuandikia nitaleta mimi.